Kibarua cha mwisho wa juma: gumzo la familia

Neema: Shikamooni wazazi wangu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa jibu. Nimepata nafasi mbili za kibarua hapa Dodoma: moja ni ya kuhudumia wageni katika ukumbi wa sherehe kila Jumamosi usiku, nyingine ni ya kusaidia katika duka la steshenari karibu na chuo, Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya ibada. Ukumbi unalipa vizuri zaidi, ila dukani naweza kwenda kwa miguu.

Mama: Marahaba mwanangu. Ada ya muhula huu tumeshaimaliza, na hela ya chakula baba yako anakutumia kila mwanzo wa mwezi. Kuna jambo limepungua ambalo hujatuambia?

Neema: Hakuna la kutisha, mama. Hela ya chakula inatosha kula, lakini haitoshi kuchapa kazi za darasani, kununua bando na kupanda bajaji siku za kipindi cha jioni. Darasani kwetu wengi tunasomeshwa na wazazi, na habari za bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, tunazisikia kwa wenzetu wa vyuo vikuu. Sipendi kuwapigia simu kila nikiishiwa.

Kaka Eliya: Mdogo wangu, ukumbi naufahamu kwa sababu niliwahi kuufanyia kazi nikiwa chuoni, na jina lake nitalihifadhi. Kadi ya mwaliko husema saa kumi na mbili jioni, lakini maharusi huingia saa mbili, chakula hutoka saa nne, na wageni wakishaondoka sisi wahudumu ndio tunaobaki kukusanya sahani, kukung'uta vitambaa na kupanga viti hadi saa nane usiku. Siku moja msimamizi alituambia tusubiri malipo hadi kamati ya harusi imalizie deni, na kamati nayo ilikuwa ikisubiri ahadi za wachangiaji. Hela ya bodaboda ya kurudi bweni nilitoa mfukoni mwangu, na hayo malipo yenyewe yalikuja vipande vipande.

Mama: Saa nane usiku mtoto wa kike yuko juu ya pikipiki! Hilo la ukumbi kwangu limekwisha.

Baba Mdogo: Shemeji, hata tukiweka hofu kando, hesabu yenyewe haijakaa sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku inastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Vilevile mtu akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anatakiwa kupewa mapumziko yasiyopungua dakika 60. Niambieni ni ukumbi gani unaomruhusu mhudumu kukaa chini saa nzima wakati bibi harusi anakata keki.

Kaka Eliya: Baba Mdogo, hata maji tulikunywa tumesimama.

Babu: Mimi nashangaa mnaitafuta kazi mjini wakati huku Hombolo zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Neema aje Jumamosi alfajiri kabla jua halijakaza, apewe mkasi, akate vichala na kuzitoa punje zilizooza kabla ya kupanga kwenye kreti. Jioni analala kwetu na kula mlenda.

Neema: Shikamoo babu. Nitakuja msimu ukifika, na mlenda nitaudai. Shida ni kwamba mavuno yakiisha na hela inaisha, wakati bando linaisha kila wiki.

Shangazi: Nami nina swali ambalo naona hakuna aliyeuliza. Neema, kwa sasa mwisho wa juma unafanya nini? Nauliza kwa sababu kila mtu hapa anaongea kana kwamba siku hizo mbili ziko wazi, zinasubiri mpangaji.

Neema: Shangazi, chuo chetu ni kidogo, kwa hiyo ikifika Ijumaa jioni wenzangu wa Bahi, Chamwino na Kongwa huenda kwao na bweni hubaki na watu wachache. Jumamosi asubuhi nafua, tena lazima niwahi bombani kabla foleni ya ndoo haijawa ndefu. Mchana nina mazoezi ya kwaya. Mara nyingine tunapanda mlima Simba asubuhi, au tunakwenda kukaa Nyerere Square tukila karanga bila ajenda yoyote. Wavulana wao hujaa kwenye kibanda umiza kutazama mpira, na wakirudi hawana sauti.

Shangazi: Basi hiyo kwaya na hizo karanga ziandikwe kwenye ratiba kama vilivyoandikwa vipindi. Ukisoma Jumatatu hadi Ijumaa, kisha ukauza kalamu Jumamosi na Jumapili, mwajiri atahesabu siku mbili za kazi, lakini mwili wako utahesabu saba.

Baba Mdogo: Dada amesema kweli. Nami naongeza jambo ambalo wanafunzi hulisahau: duka la steshenari lililo jirani na chuo huzidiwa na wateja wiki ileile ambayo wanafunzi wote wanachapa na kufunga ripoti, yaani wiki ya Neema mwenyewe kukaa kwenye meza ya kusomea. Mwambie mwenye duka mapema, siyo siku ya tukio, kwamba wiki za mitihani hutakuwepo. Muulize pia karatasi zinazokwama na kuharibika kwenye mashine ya kopi zinahesabiwa kwa nani, kwa sababu yako maduka ambayo hukata gharama hiyo kwa kijana aliyesimama mashineni, na jioni anaondoka na nusu ya alichotarajia.

Mama: Na alipwe siku hiyohiyo, jioni, kabla hajatoka.

Neema: Nimewaelewa. Ukumbi nitaukataa. Dukani nitaomba Jumamosi peke yake, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, ili niwahi kwaya saa tisa. Kwa kuwa nasoma uhasibu, nitamwomba pia aniruhusu kuandika daftari la mauzo na kuhesabu bidhaa zilizobaki, kwani hiyo ndiyo sehemu ya kazi itakayonisaidia darasani.

Baba Mdogo: Akikubali, mwandikiane hata kwenye karatasi moja, saa na malipo, kila mmoja abaki na nakala. Kopi hapo ni bure.

Kaka Eliya: Jumapili ikibaki wazi, timu ya Dodoma Jiji wakicheza nyumbani twende uwanja wa Jamhuri. Tiketi atanunua mwenye ajira.

Neema: Kaka, subiri kwanza niajiriwe. Kesho baada ya kipindi cha saa nne nitakwenda kuonana na mwenye duka, na majibu yake nitayaleta hapa.