Nyumba ni ya jina langu, deni ni la mume. Dalali wa mahakama amebandika notisi. Nifanyeje?

MamaVyerehani: Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hapa nilipo sili wala silali. Mume wangu alichukua mahindi kwa mali kauli, yaani alipe baadaye, mzigo ukaoza njiani, mwenye mali akamshtaki na akashinda. Juzi dalali wa mahakama kaja kubandika karatasi getini kwamba nyumba itakamatwa. Nyumba yenyewe iko Chanika, kiwanja nilinunua mimi kwa fedha za ushonaji na kikoba, tukiwa tayari tumeoana. Mkataba wa mauziano una jina langu peke yangu, ila mita ya umeme ya LUKU ina jina lake. Shemeji anasema nihamishie nyumba kwa mwanangu haraka kabla mnada haujafika. Ni sahihi?

Kibaha_Mkongwe: Pole sana dada. Ukiolewa, mali mnachanganya na madeni mnachanganya. Kaeni na mdai muombe kulipa kidogo kidogo.

WakiliMtaani: Hapana mkuu, hapo unampotosha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Kifungu cha 60 kinaongeza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Deni la biashara ya mume halimfuati mke ambaye hakusaini wala hakudhamini.

Dada, nakusihi usihamishe chochote. Leo una mkataba safi wenye jina lako. Ukiuandika upya kwa jina la mtoto baada ya notisi, utaonekana unaficha mali ya mdaiwa, na mahakama inaweza kuutengua uhamisho huo. Utakuwa umeichafua haki yako kwa mkono wako.

Cha kufanya ni kupeleka maombi ya pingamizi katika mahakama ileile inayokazia hukumu, yaani inayosimamia deni lilipwe, chini ya Amri ya XXI, kanuni ya 57 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Nenda kesho. Ukichelewa kwa makusudi, mahakama inaweza kukataa kukusikiliza. Unatakiwa kuonyesha kwamba siku nyumba inakamatwa ilikuwa yako, au uliishikilia kwa haki yako mwenyewe.

BintiMuheza: Nyongeza: mkataba una muhuri wa serikali ya mtaa? Mtafute muuzaji na mashahidi waliosaini, waape hati za kiapo. Daftari la kikoba nalo libebe, linaonyesha fedha zilitoka wapi. Mita isikutie hofu, jina la kwenye LUKU si umiliki. Kama huna fedha ya wakili, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, wanatoa msaada wa kisheria kwa wanawake.

WakiliMtaani: Kweli kabisa. Na wakishauri mkope benki mlipe deni kwa kuweka nyumba rehani, watahitaji saini yako. Hapo ndipo wanawake wengi wanapoipoteza nyumba, maana ukisaini umeitoa mwenyewe. Msaidie mumeo kwa njia nyingine.

MamaVyerehani: Mungu awabariki. Muhuri upo, na muuzaji yuko Kisarawe, nimeshampigia, amekubali kuapa. Mume mwenyewe yuko tayari kusema mahakamani kwamba nyumba si yake. Swali la mwisho: dalali aliandika pia vyerehani vyangu viwili na friji. Navyo?

WakiliMtaani: Viweke kwenye maombi hayohayo, kila kimoja kwa jina lake. Risiti kama unazo ambatanisha. Kama huna, mlete shahidi aliyekuuzia au wateja unaowashonea. Na mwombe dalali nakala ya orodha aliyoandika, usiende mahakamani bila hiyo.