Naomba ushauri: mtu kakabwa na nyama mpaka kazimia, unafanyaje?

Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa. Niko Moshi. Jumapili tulikuwa Kibosho kwenye ubatizo, mjomba akakabwa na pande la nyama, sauti haitoki kabisa, midomo inageuka bluu. Nikampiga mgongoni kati ya mabega mara 5, nikamminya tumbo kwa nyuma mara 5, nikarudia, mara akalegea mikononi mwangu akazimia. Hapo ndo vurugu, huyu anataka kummwagia maji mdomoni (nikakataa), yule keshazamisha vidole kooni wakati hata hakioni hicho kitu. Tukamlaza chali nikaanza kumkandamiza kifua, semina ya kazini walitufundisha kukandamiza mara 30 kisha kupuliza pumzi 2 mdomoni, nikapuliza, kifua hakipandi, nikarudi kifuani, baadae nyama ikaonekana nyuma ya ulimi nikaichomoa akakohoa. Namshukuru Mungu yupo hosp anaendelea vizuri, ila mimi usingizi hauji, naona kama nilichelewa.

Manesi na madokta nisaidieni: pumzi ya kwanza ikigoma kuingia, narekebisha kichwa nijaribu tena au narudi kifuani hapohapo? Na yule aliyeingiza vidole bila kuona, si angeweza kuisukuma nyama ndani zaidi?