Mawe ya asili kwa tangi la samaki: ya Wazo au ya Lugoba?

Mfugaji wa Tegeta

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa tangi la kioo la lita 240 kwa ajili ya samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, na nakusudia kuwajengea mapango yanayofanana na miamba ya Kigoma. Huku kwetu mawe meupe ya chokaa ya upande wa Wazo yanapatikana kwa urahisi, na fundi mmoja ameniahidi mawe magumu ya Lugoba yaliyobaki alipojenga msingi. Naomba kujua yapi yanafaa na yaandaliwe vipi. Ninalo pia tangi dogo la samaki wadogo wa neon tetra ambalo ningependa kulipamba kwa mawe hayo hayo.

Jabali

Ndugu, kwa kuwa matangi ni mawili, majibu nayo ni mawili. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi au alkali) inakaribia 9, hivyo jiwe la chokaa, ambalo huyeyuka polepole na kuachia kalisi na kaboneti, litawasaidia sikilidi wako kwa kuizuia pH isishuke. Neon tetra asili yao ni vijito vya bonde la Amazon, vyenye maji laini na asidi kidogo. Huko usiliweke kabisa. Mawe ya Lugoba yanafaa kote kuwili, mradi uyakague kama yana saruji iliyogandia, kwani saruji mbichi hupandisha pH kwa kasi.

Ukiwa na shaka, dondoshea siki juu ya jiwe safi na kavu: likitoa mapovu, lina chokaa. Hata hivyo siki ni asidi dhaifu, na jiwe lisilotoa mapovu bado linaweza kubadilisha maji. Mimi naamini zaidi ndoo mbili za maji ya mvua, moja yenye jiwe na nyingine bila jiwe, zikae wiki mbili kisha upime pH na ugumu wa zote. Vimeta vya ulanga havina neno, lakini jiwe lenye michirizi ya kutu au madini yanayong'aa kama shaba liache, sawa na lililotoka kwenye machimbo ya dhahabu ambako zebaki hutumika.

Mzee wa Samaki

Mimi huyachemsha kwenye sufuria nusu saa, na mambo yamekwisha.

Fundi Vioo

Kwa heshima zote, mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Jiwe lenye vinyweleo huficha maji ndani, na mvuke ukikosa pa kutokea jiwe linaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Inatosha kulisugua kwa brashi ngumu bila sabuni, kulimwagia maji ya moto na kuliloweka siku kadhaa huku ukibadilisha maji. Kama limetoka mto mchafu, tumia dawa ya klorini isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 19 za maji, kisha suuza sana na ulianike juani hadi likauke kabisa. Jiwe la chokaa linahitaji muda mrefu zaidi kwa sababu hunyonya.

Jambo linalosahaulika ni uzito. Lita moja ya jiwe gumu ina takriban kilo 2.7, kwa hiyo mawe ya ujazo wa lita 20 yana kilo zaidi ya 50, na maji yanayobaki ni lita 220, hesabu utakayoihitaji siku ya kupima dawa ya samaki. Tandika karatasi nene ya plastiki, panga mawe juu yake, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, sikilidi watachimba chini yake na rundo litaangukia kioo. Mawe ya juu yagandishe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu.

Mfugaji wa Tegeta

Nashukuru sana. Je, vipande vya matumbawe vya ufukweni?

Jabali

Viache baharini. Kuvuna matumbawe kunaharibu makazi ya samaki, na ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku. Isitoshe, kwa maji yako hayaongezi chochote ambacho chokaa ya Wazo haina. Kama utafuga Tropheus, aina ya sikilidi wa ziwa hilo, mwani ukianza kuota juu ya mawe usiusugue, kwa sababu ndio chakula chao cha asili.