Naomba ushauri: mchanga wa paka unasambaa nyumba nzima

Habari zenu, ndugu na dada. Niko Goma, nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya sementi. Nina paka jike ambaye usiku hatoki nje, choo chake ni beseni la plastiki lenye mchanga mweusi wa volkeno. Hapa kwetu mchanga huo hauna shida kupatikana, shida ni kwamba akishafukia anaruka mbio, na punje zimemnasa katikati ya vidole. Asubuhi nazikuta hadi ndani ya shuka.

Nimeweka gunia mbele ya beseni: linashika kiasi, ila likilowa linanuka vibaya. Maranda ya seremala nayo ni mepesi mno, yanapeperuka na kunasa kwenye manyoya. Nikipunguza mchanga, anakwaruza plastiki kisha anakojoa pembeni (ana kiburi huyu!). Ule wa dukani unaotoka nje, bei yake siiwezi kila mwezi.

Sasa nataka kukata bidoni (dumu) kubwa liwe choo chake, mlango uwe juu. Je, paka mzima hukubali kuingia kwa juu, au atahamia kwenye kapu la nguo? Na mbele ya choo mnatandika nini kinachoshika punje na kuoshwa kirahisi?

Asanteni sana.