Naombeni ushauri: kofia ya ngozi ya pembe tatu ya karne ya 18, nitumie ngozi gani kingo zisimame?

KasoroBahari:
Wakuu heshima kwenu, naombeni mnisaidie kabla sijaweka kisu kwenye ngozi. Mimi ni fundi nipo Moro, nashona mikanda, pochi na sendo, kazi ya mkono tu sina mashine. Sasa kuna kikundi cha maigizo wanaandaa mchezo wa mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 wamenifuata wanataka kofia za pembe tatu, zile ukingo umekunjwa kwenda juu pande tatu mnaziona kwenye picha za kina George Washington na kwenye sinema za maharamia. Wamesema wanataka za ngozi kwa sababu za kadibodi zinakufa haraka na wao wanazunguka mikoani. Kazi nimeipokea kwa moyo wote maana ni kitu nilikuwa nakitamani muda mrefu, na nataka ikitoka mtu akiishika aone ni kofia kweli siyo pambo la jukwaani.

Ninachotaka kujua: ngozi niliyonayo hapa ni ile laini ya mikoba, nikiikunja inalala yenyewe, je kuna namna ya kuifanya isimame au nitafute nyingine? Unene gani? Halafu kalibu ya kofia sina, nina za viatu tu. Na vipimo naanzia wapi? Mwenye uzoefu asinipite.

FundiKariokor:
Sasa fundi, salamu kutoka Nairobi. Hiyo laini ya mikoba achana nayo kabisa, hiyo karibu lazima ni ya kromu, yaani imetengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ya kromu hata uiloweshe usiku kucha ikikauka inarudi vile ilikuwa, haishiki umbo. Unataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome, ile ngumu kidogo rangi ya kahawia hafifu, ile mafundi wa matandiko ya farasi na mishipi mizito wanatumia. Hiyo ukiilowesha inakuwa mtiifu, ukiikunja ikakaukia pale inakaa hivyo hivyo.

Kuijua ni rahisi. Kata kaukanda pembeni uangalie katikati ya ule ukato, kama kuna mstari wa kijivu-bluu hiyo ni kromu, kama ni kahawia mwanzo mwisho kuna matumaini. Weka tone la maji upande wa uso, ya magome inakunywa haraka na pale panakuwa peusi kidogo, ya kromu mara nyingi tone linakaa juu linakuangalia tu. Ukiwa bado na shaka choma kipande kadogo kama ukucha, fanyia nje, jivu la kromu linaelekea kijani.

Njombe_Baridi:
Naongezea hapo kwa fundi wa Nairobi. Hayo magome yenyewe yapo huku kwetu, ya miti ya miwati. Njombe kuna mashamba ya miwati tangu 1949 na dawa ya kutengenezea ngozi inatoka kwenye gome lake, kwa hiyo mkuu usidhani ngozi ya magome ni lazima iagizwe Ulaya. Shida ni kwamba viwanda vingi siku hizi vinapenda kromu kwa sababu inamaliza kazi siku chache tu wakati magome yanataka wiki hadi miezi. Jaribu kuwauliza watu wa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kampasi ya Mwanza, kule wanafundisha teknolojia ya ngozi, hata kama hawauzi watakuelekeza nani anatengeneza.

Msomi wa Kale:
Kwanza hongera kwa kuichukulia kazi hii kwa uzito. Kitu kimoja ukijue ili mteja akikuuliza uwe na jibu: kofia zenyewe za enzi ile hazikuwa za ngozi. Zilikuwa za manyoya yaliyoshindiliwa, za bei kubwa ni manyoya ya biva (mnyama wa mitoni wa nchi za baridi), za kawaida ni ya sungura au sufu ya kondoo. Mafundi waliyatayarisha hayo manyoya kwa dawa yenye zebaki na wengi walitetemeka mikono na kuharibika akili kwa ile mivuke, Marekani ilipiga marufuku zebaki kwenye kofia mwaka 1941 tu. Kwa hiyo wewe unatengeneza kofia yenye umbo la zamani kwa mali nyingine, na mimi sioni ubaya wowote, kwa jukwaa linalosafiri ngozi ina akili zaidi.

Ila kwa 1789 zingatia haya. Pembe tatu ilikuwa inaelekea kuisha, ya pembe mbili ilikuwa inaingia, kwa hiyo wape pembe tatu wahusika wazee na watu wa kawaida. Halafu lile ua la utepe upande wa kushoto usilisahau. Kabla ya mapinduzi jeshi la mfalme wa Ufaransa walivaa jeupe, kuanzia Julai 1789 linakuja la rangi tatu, bluu, nyeupe, nyekundu. Ukilifanya la kubandika na kubandua, kofia moja inaweza kucheza kabla na baada ya kuvamiwa kwa gereza la Bastille.

KasoroBahari:
Aisee Msomi ubarikiwe, hilo la ua la kubandua nalichukua kama lilivyo. Na nyie wengine asanteni, nimeenda kuangalia ngozi yangu kwenye ukato, kweli kuna mstari wa bluu katikati. Hiyo ibaki kwenye mikoba. Sasa vipimo jamani.

Mama Kitani:
Mwanangu kaa chini nikuelekeze, nimeshona mavazi ya jukwaani miaka na kofia nimezishona za kitambaa na za ngozi pia.

Anza na karatasi ya manila, usianze na ngozi. Pima kichwa cha muigizaji juu ya masikio na katikati ya paji la uso. Tuseme umepata sm 58. Ongeza sm 1 kwa ajili ya utepe wa ndani wa jasho, inakuwa 59. Kichwa cha mtu si duara, ni yai, kwa hiyo yai lenye urefu sm 20.5 na upana sm 17 mzunguko wake unakuja karibu na hiyo 59. Wengine vichwa vyao vya duara zaidi, wengine vimechongoka, chukua waya laini uzungushe kichwani, utoe polepole uuchore kwenye karatasi, hapo huwezi kukosea.

Kofia ina vipande vitatu tu. Kifuniko cha juu ni hilo yai. Ukuta ni mkanda wa urefu wa hiyo 59 na sm 1 ya kupandishia, kimo chake sm 10. Ukingo ni yai kubwa, unatoka sm 12 kila upande kwenye yai dogo, kwa hiyo jumla itakuwa kama sm 44.5 kwa 41. Lakini sikiliza hapa, tundu la katikati la ukingo usilikate sawa na yai, likate dogo kwa sm 1 kuzunguka pande zote, ile sm 1 utaiinua iende juu ndani ya ukuta ndipo ushone. Ukilikata sawa huna pa kushonea.

Kwenye ukingo weka alama ya mbele katikati, hiyo ndiyo ncha ya kwanza. Ncha mbili nyingine zinakaa nyuma kushoto na nyuma kulia, zikiachana sawa zote tatu. Mikunjo ndiyo inakaa katikati ya ncha, mmoja nyuma kabisa na miwili ubavuni kuelekea mbele. Wengi wanaweka mkunjo mbele kwenye uso halafu wanashangaa kofia inaonekana ya mpishi.

Ifanye yote kwa manila, ifunge na gundi ya karatasi, mvishe mtu, rudi nyuma hatua kadhaa uiangalie. Ukiridhika ndiyo ukate ngozi.

Nta_ya_Nyuki:
Mama Kitani kamaliza kwenye vipimo. Mimi naongelea unene na uzito maana hapo watu wengi wanaumia. Vitabu na video nyingi zinasema ukingo mm 3. Kwa hivi vipimo ukingo peke yake ni zaidi ya sentimita mraba 1,100, ukiweka mm 2.5 na ukuta mm 2 kofia nzima inakaribia nusu kilo. Muigizaji avae kwa muda wa masaa mawili chini ya taa, shingo itamwambia. Mimi ningeenda mm 2 hadi 2.2 kwenye ukingo na mm 1.5 kwenye ukuta na kifuniko, ngozi ya magome nzuri inasimama vizuri tu kwa huo unene ukiilowesha vizuri.

Kuhusu kusimamisha, wapo watakaokwambia chemsha maji uitumbukize, kweli zamani Ulaya walifanya hivyo kutengeneza vazi la vita, ila maji yakishakaribia nyuzi 80 ngozi ya magome inajikunja na kupungua ghafla na vipimo vyako vyote vinakwenda na maji. Tumia maji ya uvuguvugu. Lowesha kwa sponji mpaka isitoe tena vipovu, iache rangi ianze kurudi ya kawaida huku ikiwa bado baridi ukiigusa na mgongo wa mkono, hapo ndipo inapokubali kukunjwa. Ikiwa imelowa chepechepe haishiki mkunjo, ikiwa imekauka inapasuka uso.

Na kushona kwanza, kukunja baadaye. Ukikunja kabla ukuta haujashonwa ule mzunguko wa katikati unapinda na haurudi.

FundiKariokor:
Kwa kushona enda mkono, sindano mbili uzi mmoja, kila tundu sindano zinapishana. Hiyo hata uzi ukikatika mahali haifumuki yote. Uzi pitisha kwa nta ya nyuki. Kama huna kifaa cha kuweka alama za matundu chukua uma wa kula, gandamiza kando ya ukato, ukiendelea weka jino la kwanza kwenye alama ya mwisho, nafasi zitakuwa sawa mpaka mwisho. Ule mshono wa ukuta uweke nyuma, uchonge kingo zote mbili ziwe nyembamba kabla ya kuzilaza juu ya nyingine, ndio kichwa kisihisi uvimbe.

MtotoWaPwani:
Samahani wakuu, si angefinyanga kichwa chote kwa kipande kimoja juu ya kalibu? Inapendeza zaidi bila mishono.

Nta_ya_Nyuki:
Mkuu kwa kofia ya kina kifupi inawezekana, kwa sm 10 ngozi ya ng'ombe inaweka makunyanzi pembeni na kuyaondoa unahitaji kalibu ya mbao, kamba na siku nyingi za kuvuta kidogo kidogo. Yeye ana kofia za kikundi kizima. Vipande vitatu ndiyo njia yake.

KasoroBahari:
Naelewa sana. Hapo kwenye kalibu, nikitumia sufuria niliyoigeuza itakubali? Na zile kingo nikishakunja nazishikilia na nini mpaka zikauke?

Mama Kitani:
Sufuria ni duara, kichwa si duara. Chukua ile yai uliyochora, kata vipande vya ubao au vya godoro gumu, vipange mpaka sm 10, funga na mfuko wa nailoni na juu yake solotepu, hiyo ni kalibu tayari. Kingo zikunje kwa mikono kutoka katikati ya mkunjo kwenda kwenye ncha, usianzie kwenye ncha. Halafu funga utepe wa kitambaa kuzunguka kofia nzima, au bana na vibanio vya nguo vya plastiki ukiweka kakitambaa katikati visiache alama. Kausha kivulini. Jua la Moro litaikausha upande mmoja na utaona inapinda.

Nta_ya_Nyuki:
Na tafadhali mkuu, chuma kisiguse ngozi ikiwa imelowa. Misumari, klipu za chuma, hata mkasi ukiuacha juu yake. Ngozi ya magome ikikutana na chuma na maji inatoa doa jeusi ambalo halitoki.

Lakini hiyohiyo ndiyo rangi yako kama wanataka kofia nyeusi. Chukua siki, loweka ndani yake sponji ya chuma ya kusugulia sufuria iliyooshwa mafuta, acha siku kadhaa bila kuifunga kabisa kwa sababu inatoa hewa, chuja, paka. Inaingia nyeusi mbele ya macho yako na haichujuki kwenye jasho la muigizaji kwa sababu haijakaa juu tu, ni ngozi yenyewe imegeuka.

MtotoWaPwani:
Baada ya hiyo siki nilisikia unapitisha maji ya magadi.

Nta_ya_Nyuki:
Hapana siyo magadi, magadi ni makali yanaifanya ngozi iwe kavu na ivunjike. Ni ile soda nyeupe ya kuokea keki, kijiko kimoja kwenye lita ya maji, unapitisha mara moja unasuuza. Rangi pakeni kabla ya kukunja, kwa sababu yote hayo yanalowesha.

Msomi wa Kale:
Kwa kumalizia umbo, enzi zile mkunjo ulishikwa na kamba na kifungo upande wa kushoto, na ua la utepe linakaa hapo hapo juu ya kifungo. Ukishona kila mkunjo kwa nukta moja tu kwenye ukuta, kwa uzi uliopitishwa kutoka ndani, itashika na itaonekana ya kweli. Na wafundishe waigizaji wanaocheza askari kuivaa ncha ya mbele ikielekea juu ya jicho la kushoto, bunduki ilikaa bega la kushoto na kofia ilitakiwa ipishe.

KasoroBahari:
Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Bado moja tu, kumalizia juu nipake nini isilowe mvua? Nina mafuta ya alizeti na nta.

Nta_ya_Nyuki:
Alizeti hapana, inalainisha kingo zinalala na baada ya muda inanuka. Nta tupu, ipashe moto iyeyuke, paka nyembamba kwa kitambaa kofia ikiwa ya vuguvugu kidogo, isugue mpaka ing'ae. Ndani shona utepe wa ngozi laini ya kondoo upana sm 3 au 4 kwa ajili ya jasho, na huo usiutie nta.

Mama Kitani:
Na ya kwanza ikitoka weka picha hapa, ya mbele na ya ubavuni, tuangalie ncha kabla hujakata za wengine.