Kima wazee wanafeli jaribio la kumbukumbu hata kwa sekunde 10, naomba ushauri

Mleta uzi: Wakuu, nimekwama. Nalinganisha kima rhesus wa miaka 24 hadi 27 na wa miaka 9. Kima anasogeza kitu, anakuta zabibu kavu chini yake, pazia linashuka. Likipanda anakuta kile cha kwanza na kingine. Zabibu iko chini ya kingine. Wote walifuzu mafunzo kwa 90%, wakisubiri sekunde 10. Kwenye jaribio lenyewe, kwa sekunde hizohizo, wazee 61%, vijana 88%. Ripoti inadaiwa. Niandike kwamba uzee umekula kumbukumbu?

Gamba la Mbele: Mwaka mmoja wa kima huyu ni kama mitatu ya binadamu, kwa hiyo hao ni vikongwe kweli. Ila usije ukaandika seli zimekufa! Eneo la 46, sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika kumbukumbu ya muda mfupi, seli nyingi hubaki. Kinachopungua ni vimiiba vyembamba vya kupokea mawasiliano. Mwaka 2011 timu ya Amy Arnsten wa Yale ilionyesha kwamba seli za hapo, kwa kima wazee, hufifia wakati wa kusubiri. Walipozuia ishara za cAMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli, seli hizo zikachangamka tena.

Pazia: Macho kwanza. Umewapima mtoto wa jicho? Halafu harufu: chakula kiwe kwenye vishimo vyote viwili, kimoja kikizibwa kwa wavu. Hesabu pia anachagua kushoto mara ngapi. Anayeng'ang'ania upande mmoja huangukia karibu na 50% hata kama anakumbuka.

Mlezi: Na msiwanyime chakula ili wafanye kazi. Mzee hukonda upesi, na mwenye njaa hukurupukia kitu chochote kilicho mbele yake.

Shaka: Samahani, uzi huu unanuka kutungwa. Sekunde 10 mafunzoni 90%, sekunde 10 zilezile jaribioni 61%? Macho hayaharibiki kati ya hatua mbili. Ulibadilisha nini?

Mleta uzi: Sijatunga. Mafunzoni kila zamu ilikuwa na vitu vipya. Jaribioni nilitumia viwili tu, vilevile, kwa kupokezana, ili kuokoa muda. Lakini vijana wameweza, kwa hiyo tofauti ni ya umri.

Shaka: Basi si jaribio lilelile. Vitu vikiwa viwili, vyote anavijua. Swali linakuwa "kipi nimekiona mwisho", na zamu zilizopita zinamvuruga. Tofauti ya umri inaweza kuwa ya kweli, lakini si ya kutambua kitu. Tafuta vitu mia kadhaa, kila kimoja kitokee mara moja tu kwa siku. Zamu 20 kwa siku, nafasi ya sekunde 30 katikati, mpaka apatie 90 kati ya 100. Ndipo upandishe sekunde za kusubiri: 15, 30, 60, 120, 600.

Mleta uzi: Data ya vitu viwili siitupi.

Shaka: Usiitupe. Iweke jedwali lake, uiite kumbukumbu ya muda mfupi yenye mwingiliano wa zamu zilizopita.

Pazia: Na macho yapimwe kabla hujaanza upya.