CPAT: mashine ya ngazi, ngazi za jengo au kukimbia?

Kijana_Columbus: Wakuu, salaam. Nimeomba kazi ya zimamoto huku Ohio, sasa najiandaa na CPAT, ule mtihani wa nguvu za mwili kwa wanaoomba uzimamoto: vituo 8 ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Nilipie jimu yenye mashine ya ngazi, nipande ngazi za jengo letu na begi zito mgongoni, au nikimbie tu asubuhi, ambako ni bure? Ipi itanifikisha?

Bahari_Tulivu: Mashine, mkuu. Kituo cha kwanza ndicho hicho. Dakika 3, hatua 60 kwa dakika, umevaa fulana ya kilo 22 na ushee, halafu mabegani unaongezewa kilo 11 nyingine. Vyuma vya pembeni havishikwi. Muda ukishaanza kuhesabiwa, ukianguka au ukishuka safari imeishia hapo. Kwenye ngazi za jengo ukichoka unapunguza mwendo bila kujijua. Mashine haina huruma hiyo.

Mama_Wawili: Nakubali, ila msimdanganye kwamba ngazi zikishapita kazi imeisha. Mimi mwembamba, na mzigo ni ule ule kwa wote. Kuna sanamu ya kilo 75: unaiburuta mita 10 na kitu, unazunguka pipa, unairudisha. Nilifunga kamba kwenye tairi la lori, nikawa nalivuta kinyumenyume uwanjani, makalio chini, visigino vikichimba ardhi. Hakuna mashine ya jimu iliyonifundisha vile. Na kituo cha mwisho ni cha dari: kwa upondo unasukuma mara 3, unavuta mara 5, raundi 4. Hapo vidole havitaki tena kufumba. Fanya mazoezi ya mikono ukiwa tayari umechoka, usifanye asubuhi ukiwa mbichi.

Mtu_wa_Lamu: Kukimbia kunasaidia moyo, sikatai, lakini usikutegemee. Kati ya kituo na kituo ni kutembea tu, kama mita 26, mbio haziruhusiwi. Jifunze kuvuta pumzi hapo.

Bahari_Tulivu: Kweli kabisa. Nyongeza: akiamua ngazi za jengo, apande kwa miguu, ashuke kwa lifti. Kushuka na mzigo kunamaliza magoti.

Kijana_Columbus: Asanteni sana. Nalipia jimu, na tairi nalitafuta. Vifaa vyenyewe nitaviona siku ya mtihani tu?

Mama_Wawili: Hapana mwanangu. Ndani ya wiki 8 kabla ya mtihani kuna siku za kwenda kuvizoea, usikose hata moja. Shika ile nyundo ya kilo 4 na nusu, usikie inavyopiga. Tairi kaombe kwenye karakana wanakobadilisha ya malori. Yaliyochakaa wao hulipia kuyatupa, kwa hiyo watakupa kwa furaha.